Mashine ya Kufulia Kwenye Ghorofa, Pale Maji Yanapokuja kwa Zamu

Vijana wa dukani waliniomba niandike nilivyokuwa nafanya kazi, kabla sijasahau. Nimekaa na ombi hilo tangu nilipokabidhi sanduku la vifaa. Mimi si mwandishi. Shule niliiacha darasa la saba kule Lokitaung, na siwezi kusema nilinyimwa. Mbuzi walihitaji mchungaji, nami niliwapenda mbuzi kuliko hesabu za sehemu. Kwa hiyo mkikuta sentensi imekaa upande, ichukulieni kama mashine ambayo haikupimwa vizuri. Inafanya kazi, ila inapiga kelele.

Mnachotaka hasa, naona, ni namna ya kumchagulia mtu mashine ya kufulia anapoishi ghorofani. Siku hizi majengo ya Lodwar yanapanda juu na kila mwenye kupanga chumba na sebule anauliza bei ya mashine. Nitafika huko. Lakini nikianzia huko mtadhani nilizaliwa najua.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufua mashuka kwa mikono katika nyumba ya wageni ya shirika moja kule Kakuma. Tulikuwa na makarai makubwa, sabuni ya mche, na kamba zilizofungwa kwenye miarobaini. Upepo wa kutoka lagani, kwenye mto mkavu, ulikuwa na tabia ya kungoja mashuka yakaribie kukauka, ndipo ulete vumbi. Siku mashine ya kwanza iliposhushwa kutoka kwenye lori, sisi wafuaji tulisimama tukaitazama vile mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja na sahani yake mwenyewe lakini hakuja na chakula.

Msimamizi wetu alikuwa na haraka. Hakutaka kumngoja fundi. Akaichomeka kwenye soketi, akabonyeza, mashine ikaanza kunguruma, kisha ikatoka pale ilipowekwa ikaanza kutembea kuelekea mlangoni. Mwenzangu mmoja alipanda juu ya meza. Mimi sikupanda, si kwa ushujaa, meza ilikuwa imejaa.

Fundi alifika tukiwa bado tunabishana kama ile ni kawaida yake. Alikuwa mkimbizi kutoka upande wa Uvira, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu katika joto lile la Kakuma. Tulimwita Papa Mulenda. Aliinama nyuma ya mashine, akatutazama mmoja mmoja.

"Munaona bolti hizi? Hizi ni za safari. Zinashika pipa lisiumie kwa lori. Mumemufunga mutu miguu, kisha munamuambia acheze."

Akazifungua kwa spana, akazifunga kwenye kitambaa na kumpa msimamizi azitunze, kwa sababu mashine ikihama tena zitahitajika. Kisha akaagiza beseni ya maji. Akaiweka juu ya mashine na kuyatazama maji kama yamelala sawa. "Pima maji yangu walinibia njiani," akasema, "lakini maji yenyewe hayakuibwa." Nami hadi leo, hata baada ya kupata pima maji nzuri yenye kioo, nikiwa na shaka huiuliza beseni.

Papa aliomba kijana wa kumsaidia. Nilichaguliwa mimi. Ili nisijipe sifa, niseme kwamba mwenzangu mmoja alikuwa mwerevu kuliko mimi, ila wakati huo alikuwa ameenda kunywa chai.

Kwa Papa nilijifunza kwamba mashine ndiyo ya mwisho kuulizwa. Kwanza uliza maji: yanatoka wapi, yanaletwa na nani, yanakatika lini. Kisha uliza stima. Kisha uliza watu wa nyumba. Ukimaliza hayo, mashine itakuwa imeshajichagua. Sisi pale Kakuma tulisahau kuuliza jambo la nne. Tulilitoa bomba la maji machafu nje, likamwagie kivulini, na mbuzi wa majirani wakagundua kuwa lile bomba ni laini na ni baridi. Walilitafuna. Tukalining'iniza juu ukutani. Nadhani mbuzi wa Turkana hujua kusimama kwa miguu miwili kabla hajajua kusimama kwa minne. Mwisho Papa alilipitisha ndani ya paipu ya chuma, na mbuzi wakakaa pale siku nzima wakilitazama kwa uchungu.

Baadaye Papa alihamia Kalobeyei akafungua kibanda chake cha kutengeneza mashine na redio, nami nikaja Lodwar, kwenye duka mnalolijua. Tuliendelea kupigiana simu. Yeye husema "mwana" na mimi husema "Papa", ingawa sote sasa tuna mvi.

Ghorofa zina mambo yake. La kwanza ni ngazi. Kabla ya kuuza, nenda na utepe ukapime mlango na kona ya ngazi. Kuna mteja mmoja tulimpandishia mashine nzuri hadi kwenye kona, ikakataa kupinda. Tulishindwa kuipeleka juu, na kwa muda tulishindwa kuirudisha chini, na wapangaji wakawa wanapita juu yake wakitusalimu. La pili ni jirani wa chini. Mashine inapokamua hutikisika, na sakafu yako ndiyo dari ya mwenzako. Weka mpira mzito chini yake, na usiiegemeze ukutani. Maji yetu ya kisima yana chumvi, kwa hiyo mwambie mteja aisafishe kwa siki kila inapoanza kuonyesha weupe. Na mchanga ukung'utwe nje kabla nguo haijaingia. Nimefungua vichujio Lodwar nikakuta mchanga wa kutosha kusimamishia nguzo.

Kuhusu aina, msije mkawa washabiki kama wa mpira. Ile otomatiki yenye mlango wa mbele hufua vizuri, hutumia maji kidogo, na ukishaibonyeza unaenda zako. Lakini inataka maji yanayosukuma na stima isiyokatika. Ile ya matangi mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, haina maringo. Unaweza kuimiminia maji ya mtungi, unaifungua wakati wowote. Lakini inataka mtu asimame nayo, ahamishe nguo, amwage maji. Hakuna nzuri wala mbaya hapo. Kuna nyumba tu.

Sasa niwasimulie nyumba iliyonipa taabu kuliko zote.

Akai ni muuguzi, anaishi ghorofa ya tatu, ndiyo ya mwisho, upande wa Kanamkemer. Mnajua nyumba ya muuguzi hapa kwetu. Ni wodi ya pili. Jamaa wanaoleta mgonjwa kutoka Kalokol au Lokitaung hufikia kwake, na mashuka na mablanketi hayaishi. Wakati huo alikuwa na mjomba wake, Mzee Lokol, ambaye mkewe alikuwa amelazwa. Na alikuwa na mama fua, Mama Esekon, aliyemfulia tangu anahamia pale. Mama Esekon hakuwa na kazi nyingine isipokuwa nyumba mbili za jengo lile: hiyo ya Akai na ya mwalimu mmoja wa ghorofa ya kwanza.

Nilipofika kupima, nilimkuta kibarazani, mikono ndani ya povu, nikamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, mama."

"Ejok nooi. Wewe ndiye unayeniletea mke mwenza?"

"Mke mwenza gani tena?"

"Huyo wa chuma. Hali chakula, halali usingizi, hana ndugu wa kuja kuomba. Mume gani atamkataa?"

Akai alicheka, lakini alicheka akitazama chini. Akanivuta mpaka ngazini. "Fundi, nataka ile otomatiki, niliiona Eldoret kwa binamu yangu. Lakini nikiinunua sina tena kazi ya kumpa mama. Na nikikaa hivi, mgongo wake umeisha. Akikamua blanketi moja lazima akae chini. Nifanye nini?"

"Mimi kazi yangu ni mashine, dada."

"Basi nichagulie mashine."

Alisema kwa upole, lakini nilielewa amenitwika mzigo wote. Nilienda kwenye bomba nikalifungua. Tangi la jengo limekaa juu ya paa, karibu mno na kichwa cha nyumba ile, kwa hiyo maji hayana nafasi ya kupata nguvu. Yalitoka kama mtu aliyeamshwa. Nami, niseme kweli, nilifurahi. Maji dhaifu, otomatiki haifai, atanunua ya matangi mawili, na Mama Esekon atabaki kuiendesha. Imekwisha.

Nikiwa natoka ile furaha ikaanza kunisumbua. Fundi anayefurahia kasoro ana tofauti gani na daktari anayefurahia homa? Nikamjaribu Papa kwa simu.

"Papa, kuna nyumba ya juu, maji ni dhaifu."

"Anaweza kuweka pampu kiloko, ndogo tu?"

"Anaweza."

"Sasa unaniuliza nini?"

Nikamweleza habari za Mama Esekon. Nikasikia nyundo ya mtu ikigonga huko kwake.

"Mwana, weye unataka nikusaidie kudanganya mutoto wa watu."

"Sitaki, Papa."

"Ee, njo unataka kabisa. Sema yote, kisha unyamaze. Kuchagua ni kwa mwenye nyumba."

Nilirudi kesho yake. Nilitaka kumwita Akai pembeni, Mama Esekon akapiga karai kwa kiganja. "Sema hapa hapa. Mimi sili huruma, nakula ugali."

Nikasema yote. Nikasema otomatiki peke yake haiwezi maji yale, lakini ikiwa na pampu ndogo na pipa la akiba itafanya vizuri kabisa, na haitahitaji mtu. Nilipofika kwenye "haitahitaji mtu" sauti yangu ilipungua, na Mama Esekon akasema, "Ongeza sauti, fundi, hapo hatukusikia." Alisikia vizuri sana.

Akai aliomba kuijaribu kwanza, na duka letu huruhusu, kwa mtu tunayemjua. Tukaipandisha. Nikatoa bolti za safari, nikaweka mpira, nikaiuliza beseni, nikafunga pampu. Mashuka ya kwanza yalitoka safi, karibu makavu. Siwezi kuwaficha, ilikuwa kazi nzuri. Mama Esekon alishika pindo la shuka, akalinusa, akasema, "Imefua," akaanza kulikunja. Heri angenitukana.

Zamu ya pili ikawa ya nguo za Mzee Lokol. Alikuja mjini na shuka moja tu, ile aliyojifunga, na ilikuwa imebeba vumbi la njia yote. Akai alimbembeleza aivue, kwa kuwa alasiri alikuwa anakwenda kumwona mkewe wodini. Akampa leso yake ya njano yenye maua ajifunge kwa muda. Mzee akaketi mbele ya mashine, fimbo mkononi, akiitazama shuka yake ikizunguka nyuma ya kioo kama mtu anayechunga.

Ilipofika katikati, stima ikaenda.

Mashine ikanyamaza, na shuka ikalala ndani ya maji ya povu. Tulingoja. Mzee akanyoosha fimbo akagonga kioo.

"Fungua."

"Mzee, mlango hujifunga wenyewe. Ni kwa usalama. Kuna maji ndani."

"Usalama wa nani? Mimi ndiye niliye nje bila nguo."

"Stima ikirudi, mzee..."

"Shuka yangu imekosa nini mpaka ifungwe?"

Mama Esekon alikuwa ameshikilia ukuta akicheka. "Mzee, nenda hivyo hivyo! Maua yamekukaa. Mkeo akikuona atapona kwa kicheko."

"Nyamaza wewe mwanamke. Fundi, huyu askari wako anataka nini aiachie?"

Nikalala chini, nikafungua kile kifuniko kidogo cha chini, nikatoa maji kidogo kidogo kwenye beseni, kisha nikavuta kikamba cha dharura, mlango ukaachia. Nawaambia ili mjue na mumfundishe kila mteja: kikamba kipo, na mashine haikuwa na kosa lolote. Ingekuwa ubaya kama mlango ungefunguka na maji yale. Lakini jaribuni ninyi kumweleza hivyo mzee aliyevaa maua.

Mama Esekon aliichukua shuka akaisuuza kwenye karai. Akaanza kuikamua, akasimama, akashika kiuno. Hakuna aliyecheka hapo. Akai alishika ncha ya pili, wakaikamua pamoja, wakaianika, na jua la Lodwar likaikausha kabla mzee hajamaliza chai. Akaenda hospitali akiwa nadhifu, na leso akaiacha imekunjwa vizuri juu ya mashine.

Akai alikaa akiitazama ile mashine.

"Leo ni shuka ya mjomba," akasema. "Kesho itakuwa ya mgonjwa, na mimi niko wodini. Nani atakuwa hapa wa kuvuta hicho kikamba?"

Nikamkumbusha kwamba stima haikatiki kila siku. Nikamkumbusha kwamba kikamba si kigumu, hata mgeni anaweza kufundishwa. Nikaanza tena habari ya otomatiki kutumia maji kidogo...

"Fundi, umeshasema. Nyamaza sasa. Hii nyumba haikosi wageni, na wageni hawana nguo ya pili. Nataka ile inayofunguka."

Akamgeukia Mama Esekon. "Mama, hiyo nyingine ina tangi la kukamua. Blanketi utalitia humo, hutalikamua kwa mkono tena. Lakini lazima mtu asimame nayo. Utasimama?"

Mama Esekon alifuta mikono kwenye sketi, taratibu, kama hana haraka. "Nimesimama siku zote. Iletwe."

Tukaileta ya matangi mawili. Somo la kwanza lilikuwa la blanketi. Alilitumbukiza upande mmoja wa tangi la kukamulia, likaanza kupiga mbavu za mashine, naye akaizima akasema, "Analalia upande huyu, kama mtoto." Akalipanga upya kwa kulizungusha, likatulia. Hilo mimi huchukua muda kulifundisha. Alilipata mara moja, na nilimwambia hivyo, akasema sifa haziongezi unga.

Ningependa kuishia hapo. Lakini nimesema nitaandika yote.

Haukupita muda mrefu, yule mwalimu wa ghorofa ya kwanza alikuja dukani. Nyumba yake iko chini, maji yanashuka kwa nguvu bila pampu. Ana betri ya sola inayoshika stima ikienda. Anaishi na mkewe tu, na wageni wao hulala kwa kaka yake mwenye boma kubwa. Nilimuuliza maswali yote nikitafuta, siwafichi, pahali pa kusimamia nimkataze otomatiki. Sikupata. Kwa nyumba ile otomatiki ilikuwa sawa kabisa, na nikamwambia hivyo, na akainunua, na mimi mwenyewe nikaifunga. Nikiwa nabeba sanduku la vifaa kuingia, Mama Esekon alikuwa anashuka ngazi na mtungi mtupu. Aliona mashine. Akahamishia mtungi mkono wa pili, akaendelea kushuka. Nilifanya kazi ile vizuri, na nilirudi nyumbani nikijihisi kama niliyeifanya vibaya. Mpaka leo sijui kama kuna njia ya kumtendea haki mteja bila kumkanyaga mtu mwingine kidole. Kama ninyi mtaipata, nijulisheni.

Katika juma langu la mwisho kazini nilipanda kwa Akai kukaza mkanda wa ile mashine. Magoti yalinikumbusha kila kidato kwa nini nastaafu. Akai alikuwa wodini. Mama Esekon alikuwa kibarazani, tangi moja linafua, jingine linakamua, yeye katikati kama dereva.

"Ejok, mama."

Akaniacha nisimame kidogo. "Kule kwa mwalimu, ulimwambia yote?"

"Yote."

"Ungedanganya kidogo tu, fundi. Kidogo hivi." Akaonyesha kwa kidole na gumba lenye povu. "Ningebaki na nyumba mbili."

"Ningeweza."

"Najua ungeweza. Ndiyo maana nimekukasirikia muda wote huu. Ungekuwa mjinga tu ningekusamehe siku ileile."

Akaizima mashine, nikafungua kifuniko cha nyuma nikakaza mkanda, kisha akaiwasha, akausikiliza mlio wake kuliko mimi. Nilipomaliza, kulikuwa na kikombe cha chai juu ya kigoda na kigoda kingine pembeni.

"Kaa. Wale wa ghorofa ya pili wanatafuta mashine. Wana watoto, wana shangazi, wana kila mtu. Watakuita."

"Wameshaniita. Naenda kwao nikitoka hapa."

"Haya. Waambie ukweli wote, sikukatazi. Uwaambie mabaya ya hii na mazuri ya ile, mpaka wachoke, ndivyo ulivyo. Lakini uwaambie pia yuko mtu juu hapa anayejua kuendesha ya matangi mawili kuliko fundi mwenyewe. Si uongo?"

Nilifikiri kwa haki. "Si uongo."

"Basi hilo uanze nalo."

Nilikunywa chai, nikashuka ghorofa moja, nikabisha hodi, nikaanza nalo.